Mkurugenzi wa Mbio za Baiskeli, Heru Juu

Jumatatu, 9 Juni

Nimerudi kutoka Kibondo. Mtu mpya kabisa! Semina ya ujasiriamali ilikuwa nzuri mno. Ukumbi wa kanisa, chai ya maziwa, chapati, na mkufunzi mwenye viatu vilivyochongoka. Alimuuliza kila mmoja wetu anapenda nini maishani. Wenzangu walisema kuku, nyuki, duka la nguo. Mimi nikasema michezo. Akasema mtu anayependa michezo kwa dhati tayari ana mtaji mkononi, kazi yake ni kufungua mkono tu. Nikaufungua pale pale. Mama aliyekaa pembeni yangu akadhani naomba chapati yake, akanipa. Nashukuru kwa chapati, nashukuru kwa maneno.

Nimewaza njia nzima, Kibondo mpaka Kasulu. Mimi, Ildefonsi Nduwayezu, nani anapenda michezo kunizidi? Nilikuwa kipa wa akiba wa timu yetu miaka yote niliyocheza. Hakuna aliyekaa benchi kwa nidhamu kama mimi. Nestori alikuwa mshambuliaji. Leo ana banda la kuonyesha mpira Kasulu mjini, skrini kubwa, jenereta, spika, viti vya plastiki, na watu wanamwita Bosi. Bosi! Mtu ambaye hakuwahi hata siku moja kurudi nyuma kukaba!

Basi, mpira abaki nao. Mimi nitachukua mchezo mwingine. Upi, bado sijajua.

Jumanne, 10 Juni

Nimeujua. Baiskeli!

Nilikuwa barabarani asubuhi nikimsindikiza mke wangu Esteri. Anakwenda kwao Kitanga kumhudumia mdogo wake aliyejifungua. Vijana wa ndizi wakatupita mteremkoni, mikungu nyuma, mikungu pembeni, breki hakuna. Watoto wakashangilia. Wanawake wakaacha kupepeta maharage wakasimama kutazama. Hata mimi moyo ulinienda mbio. Nikajiambia, watazamaji wote hawa, na hakuna aliyewahi kuwakatia tiketi!

Mbio za Baiskeli, Heru Juu hadi Kasulu. Mkurugenzi ni mimi.

Kabla ya kupanda bodaboda Esteri aliniagiza mambo mawili. Nianike maharage, na nikachukue baiskeli yake kwa fundi Ndayikunda ikiwa tayari. Baiskeli hiyo ndiyo inayofikisha maharage yake sokoni Kasulu. Ndiyo biashara yake yote. Ndiyo inayomsomesha binti yetu Jeneroza, na nikisema kweli ndiyo inayotulisha, maana mimi bado niko kwenye maandalizi. Alisema, "Baba Jeneroza, baiskeli yangu usiichezee." Nimemwahidi. Namshukuru Mungu kwa kunipa mke anayenikumbusha mambo.

Alhamisi, 12 Juni

Kasulu, dukani kwa Khatibu, muuza vipuri. Mtu mstaarabu, wazee wake walitokea Tanga. Nimemweleza mpango wangu wote nimesimama. Nikamwambia zawadi ya kwanza iwe baiskeli mpya kutoka kwake, na jina la duka lake litavuma mpaka Nyabibuye, lipite mpaka Burundi. Alisikiliza, akamuuzia mtu mnyororo, akasikiliza tena. Mwisho akasema jambo langu ni la heri na ataliangalia, inshallah.

Amekubali! Nilimshika mkono kwa mikono yote miwili. Mwanaume wa kweli.

Nilipitia kwa Nestori nimjulishe kwa upole. Alikuwa juu ya ngazi anarekebisha dishi. Akauliza kama kutakuwa na mpira. Nikasema hapana. Akauliza watazamaji watakaa wapi. Barabarani. Akauliza nani atawazuia wasiolipa wasiitazame barabara. Swali la wivu hilo.

Jumamosi, 14 Juni

Majina yanamiminika. Kila kijana wa Heru Juu mwenye miguu amejiandikisha. Wabeba ndizi, wabeba mkaa, hata fundi Ndayikunda mwenyewe. Kuna Twalibu anayekuja kutoka Kibondo. Inasemekana aliwahi kushindana na basi akalishinda. Basi lilikuwa limeharibika, lakini kushinda ni kushinda. Kiingilio wengi wameomba kulipa wakishapata ushindi. Nimewakubalia wote, mkurugenzi lazima awe na moyo.

Namba za mgongoni nimezikata kwenye viroba vya unga. Nyingine zina maneno SEMBE SAFI chini ya namba. Zinapendeza.

Jioni nilikwenda kumjulia hali mzee Niyomwungere, jirani yetu wa pale konani. Anaumwa muda mrefu sasa. Baiskeli yake waliiuza akatibiwe, na tangu hapo mke wake, bibi yetu sote, anateka maji bondeni kwa kichwa. Bibi huyu ndiye aliyemshika Esteri mkono alipoolewa hapa akiwa hamjui mtu. Mzee aliniuliza mbio zitapita lini. Nikamwambia Jumamosi ijayo. Akasema atatolewa nje na kiti chake atazame. Nilitoka pale nimefurahi. Mtazamaji wangu wa kwanza.

Jumatano, 18 Juni

Pigo. Dogo, lakini pigo. Khatibu amenikabidhi mchango wake: kreti za soda na kalenda ya mwaka huu, mwaka ambao nusu yake imeshapita. Baiskeli hakuna. Nikamkumbusha kwamba alisema ataangalia. Akasema ameangalia.

Soda nimeshukuru. Lakini matangazo yameshabandikwa kila mti kuanzia hapa mpaka stendi: ZAWADI YA KWANZA BAISKELI. Nikiyabandua, Nestori atanicheka mpaka Krismasi.

Nilikaa juu ya jiwe nikawaza. Ndipo Ndayikunda akanipigia simu kwamba baiskeli ya shemeji iko tayari nikaichukue. Mkono wa Mungu!

Si kwamba naitoa. Hapana. Naiazima. Mshindi ataichukua Jumamosi. Wafadhili wakiona umati watajitokeza Jumapili. Wiki ijayo nanunua mpya, na Esteri atarudi mwisho wa mwezi akute bora kuliko aliyoiacha. Atashangaa! Sijawahi kumfanyia mke wangu jambo zuri kama hili.

Nimeipaka rangi ya njano. Keria nimeing'oa ili ifanane na za mashindano, nimeiweka chini ya kitanda.

Ijumaa, 20 Juni

Baiskeli inaning'inia mlangoni kwa Khatibu, njano, inang'aa, watu wamejaa kuitazama. Nestori naye alikuja. Akaizunguka, akaibonyeza tandiko, akasema baiskeli hii kama anaijua. Nikamwambia za aina hii zote zinafanana. Akaondoka anapiga mluzi.

Nimerudi nyumbani nimekuta kilio konani. Mzee Niyomwungere amefariki. Nimehuzunika kweli. Alikuwa mtu mwema, hakuwahi kunicheka, na katika kijiji hiki hilo si jambo dogo. Nilitaka kumpigia Esteri. Nikaona nisimhangaishe, ana mzazi wa kumhudumia.

Maziko ni kesho mchana. Mbio ni kesho asubuhi. Hayagongani.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika kwa shida. Viganja vimejaa malengelenge.

Asubuhi ilianza vizuri ajabu. Nilipuliza firimbi, wakatoka wote kwa mpigo, vumbi jekundu, viroba vinapepea migongoni. Mimi nyuma ya bodaboda na bendera. Twalibu mbele, Ndayikunda anamfuata. Watoto wanapiga makelele. Niliwaza mkufunzi wa Kibondo angeniona!

Tukafika konani.

Wazee walikuwa wamesimama kando ya barabara na majembe, jasho linawatiririka. Toka alfajiri wanahangaika na kaburi. Ardhi ya kiangazi ngumu, na kijana wa kuwasaidia hakuna hata mmoja. Nani angekuwepo? Vijana wote wa Heru Juu nilikuwa nimewavalisha viroba vya sembe.

Wa kwanza kusimama alikuwa Twalibu. Hana breki, alisimama kwa kuburuza soli ya kiatu. Mgeni wa Kibondo, marehemu hamjui! Akaegemeza baiskeli kwenye minyaa, akawaamkia wazee, "Mwidiwe," akapokea jembe kutoka mkononi mwa mzee wa watu, akaingia shimoni. Nyuma yake Ndayikunda. Nyuma yake wote. Barabara ikabaki tupu.

Nikapuliza firimbi. Nikawatangazia kanuni, kwamba anayeshuka kwenye baiskeli anapoteza nafasi yake. Hakuna aliyegeuka. Nikawasihi angalau aende mmoja, hata yule wa mwisho, watu wanasubiri Kasulu! Ndayikunda akanijibu akiwa ndani ya shimo tayari, "Ilde, weka firimbi mfukoni. Hapa ni msibani."

Nikaiweka mfukoni. Uso ulikuwa unawaka. Mzee mmoja akanikabidhi jembe lake.

Nikachimba. Nasema kweli, nilichimba nikiwa na hasira, halafu hasira ikaisha. Nilikumbuka mzee alivyosema atatolewa nje na kiti. Nikalia kidogo, wenzangu wakadhani ni jasho.

Nilikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani nilipoona matairi ya baiskeli yakipita juu yangu, na bomba za njano. Aliyeiendesha alikuwa Esteri.

Khatibu amenieleza baadaye kwa simu ilivyokuwa. Ndugu walimpigia Esteri simu ya msiba jana ile ile, akaondoka Kitanga mapema. Aliposhuka Kasulu akapita mbele ya duka, akaona baiskeli yake mlangoni. Akaomba ishushwe. Khatibu akamuuliza kama yeye ndiye mshindi. Akasema ndiyo. Watu wakampigia makofi, akapewa soda, akapigwa picha, akaondoka nayo.

Pale kaburini hakuniangalia. Aliegemeza baiskeli ukutani, akapiga magoti kuwaamkia wazee, akaenda kwa bibi, wakakumbatiana wakalia. Mimi nilichimba kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana Heru Juu. Ilibidi wazee waniambie kina kinatosha.

Na Nestori? Nilijua atakachofanya, na alikifanya. Umati wangu ulipochoka kusubiri Kasulu, akauita bandani kwake kuangalia mpira. Nilimlaani kwa jina. Lakini habari ya msiba ilipomfikia alizima skrini mechi ikiendelea, akapakia viti vyote kwenye lori la Fuso, spika, jenereta, na watu wenyewe, akaja nao. Wazee walikalia viti vyake. Padri alisikika kwa spika yake. Sijawahi kuona mzee wa kawaida akizikwa na watu wengi hivyo katika kata yetu.

Namshukuru Nestori. Nimeandika, basi, yameisha.

Jumapili, 22 Juni

Leo matanga. Baada ya ibada watu walisimama mmoja mmoja kutaja walichomletea mfiwa. Huyu mahindi, huyu unga wa muhogo, huyu kuni. Zamu ya vijana wa mbio ikafika. Twalibu alilala hapa hapa kwa Ndayikunda, akasimama kwa niaba yao. Akasema wamekubaliana kwamba mbio hazikuwa na mshindi, kwa hiyo zawadi iende kwa bibi ipate kumsaidia maji.

Makofi! Vigelegele! Halafu wote wakanigeukia mimi, Mkurugenzi.

Nilisimama. Baiskeli ile pale ukutani, Esteri yule pale mkekani, na miguu yangu haina mahali pa kwenda. Nikaanza kusema kuhusu umuhimu wa michezo katika jamii. Nilifika kwenye afya ya mwili, Esteri akainuka.

Akasema, "Baiskeli ni yangu."

Nilisikia kuku akiparura nyuma ya jiko.

Akasema aliinunua kwa maharage yake mwenyewe. Akasema alipokuja hapa bi harusi, hajui njia ya sokoni, bibi ndiye aliyetangulia mbele yake na kikapu mpaka akamjua kila mnunuzi Kasulu. Akasema, "Kwa hiyo si zawadi ya mbio. Nampa mimi." Akakaa.

Hakuna aliyecheka. Nestori angeweza kucheka, alikuwa na haki yote. Aliangalia viatu vyake. Hii ni mara ya pili namshukuru mtu huyu ndani ya siku mbili na inaanza kunichosha.

Niliona aibu, lakini zaidi ya aibu niliona jinsi nilivyobahatika. Mwanamke amenyang'anywa biashara yake na mumewe, anapata nafasi ya kumwaibisha mbele ya kata nzima, anaitumia kutoa. Sijui nilifanya nini nikapewa Esteri. Nimefikiria sana, sijakumbuka nililofanya.

Tukarudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma, mpaka mlangoni. Hapo akauliza, "Keria iko wapi?" Nikasema chini ya kitanda. Akasema nikaifunge sasa hivi, bibi hawezi kubeba dumu la maji juu ya bomba. Nilikwenda nikaifunga mwenyewe, nikakaza kila nati. Bibi akanishika mikono akanishukuru mimi! Nilitaka kumwambia ukweli wote. Alikuwa analia, nikashindwa.

Jumatano, 25 Juni

Siku ya soko. Nimeamka kabla ya Esteri, niko tayari kubeba maharage kichwani mpaka Kasulu, ndiyo adhabu yangu na nilikuwa nimeikubali. Nimefungua mlango. Nje kuna baiskeli zimepangwa ukutani! Ndayikunda na vijana wake. Wengine bado wamevaa viroba vya namba, wanasema vinazuia vumbi. "Shemeji, lete mzigo," wakamwambia Esteri. Wakagawana magunia, wakayafunga kwa mipira, wakaondoka. Wamepanga zamu, na hawatapokea kitu, mpaka Ndayikunda atakapomaliza kumuungia Esteri baiskeli nyingine kutokana na vyuma alivyonavyo. Rimu na mnyororo ametoa Khatibu bila kuombwa. Ameangalia tena, Mungu ambariki.

Esteri alisimama pale uani na kanga mdomoni. Mimi nililia waziwazi, sikujificha. Nilimwomba msamaha hapo hapo, na akasema amesikia. Hakusema amesamehe, amesikia. Inanitosha kwa leo. Watu wa hapa ni wema kuliko ninavyostahili, na naandika hivi nikiwa na akili zangu timamu.

Jambo moja tu nimeliona kwa mbali walipokuwa wanashuka. Ndayikunda alijaribu kumpita mwenzake na gunia nyuma. Mwenzake akakataa kupitwa.

Ijumaa, 27 Juni

Siku njema sana hizi. Jana bibi alimletea Esteri mbuzi jike mwenye mimba, akimvuta kwa kamba yeye mwenyewe. Alisema maji sasa anachota mapema na anapata muda wa kupumzika, na hawezi kupokea kama mtu asiye na mikono. Esteri alicheka kwa furaha, kicheko cha kwanza tangu arudi. Akaniita Baba Jeneroza kwa sauti ya zamani. Usiku? Hapana, hilo haliandikwi. Leo asubuhi akaondoka kurudi Kitanga kumalizia kumhudumia mdogo wake, na mbuzi ameniachia mimi nimjengee banda. Kaniamini! Baada ya yote, kaniamini. Namshukuru Mungu, namshukuru Esteri, namshukuru hata yule mkufunzi.

Maana alisema kweli. Nimekaa siku mbili nikitafakari kosa langu lilikuwa wapi, na nimeliona. Baiskeli tupu! Nani anataka kutazama baiskeli tupu? Watu walisimama kutazama siku ile ya kwanza kwa sababu ya mikungu ya ndizi. Juzi vijana waliposhuka na magunia ya maharage, kijiji kizima kilikuwa barabarani. Mbio za Mizigo, Heru Juu hadi Kasulu! Hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili mkoa mzima. Nestori ataomba kazi kwangu.

Na mtu asiseme sijifunzi. Safari hii nitapita nyumba kwa nyumba, barabara nzima, kuuliza kama kuna mgonjwa. Akiwepo, nasogeza tarehe.

Kilichobaki ni zawadi tu. Nimesimama uani jioni yote nikimtazama mbuzi. Mtulivu, manyoya meupe, ubavu mpana. Nimepima kwa kiganja. Kwa ile rangi ya njano iliyobaki, MSHINDI WA KWANZA inaenea vizuri, na nafasi ya jina la mfadhili inabaki.